Karibu Upande Ule

Melini, 12 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeikuta ofisi ya mabaharia tulipotia nanga, imekunjwa na kukunjwa tena mpaka nikadhani umenitumia dawa ya unga. Najua simu huitaki. Bado nacheka ulivyosema kwamba ukikasirika kwenye simu unakata, lakini ukikasirika kwenye barua inakubidi umalize sentensi.

Umeuliza kazi yangu ni ipi hasa, maana mtaa mzima unakuuliza na wewe hupendi kubabaisha. Waambie niko upande wa kupokea wageni. Nasimama mlangoni nimevaa sare nyeupe na glavu nyeupe, na siku nzima neno langu ni moja: karibu. Karibu mama, karibu mzee, karibu, karibu. Jioni taya zinauma kwa kutabasamu.

Meli yenyewe ni mtaa unaoelea. Kuna maduka, lifti, ukumbi wa michezo, mabwawa ya kuogelea. Kuna hata kinyozi, na mwambie kaka kwamba kinyozi mwenzake wa huku anavaa tai. Sisi wafanyakazi tunalala chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Mwenzangu chumbani ni msichana wa jikoni anayehesabu sahani usingizini, na akikosea anaanza upya.

Nakula vizuri. Usihangaike.

Mwanao,
Kibiriti


Nyumbani, 2 Machi

Kibiriti changu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, ya pili mbele ya majirani, ya tatu kwa fundi viatu ambaye hakuniomba. Nilipofika pale kwenye glavu nyeupe jirani yangu wa kushoto alinyamaza, na wewe unamjua, huyo hanyamazi hata akiwa na jino linauma.

Unajua kwa nini nimefurahi hivi? Mimi maisha yangu yote nimefukuzwa milangoni. Sasa mtoto niliyemlea mwenyewe analipwa kusimama mlangoni aseme karibu. Hicho ni kisasi, tena kitamu.

Ulikuwa mdogo, lakini lile lango la kijani unalikumbuka. Mimi dobi wa hospitali, baba yako, kaka yangu wa pekee, amelala wodi ya chini, wagonjwa wamebanana kitandani, dirisha limetazama ukuta. Juu kuna roshani ndefu, upepo unapita, vitanda vitupu. Kwenye ngazi wameweka lango, na langoni bawabu. Nikamwambia mgonjwa wangu hana pumzi, anataka hewa. Akanijibu hewa ya juu ni ya waliolipia. Hewa, mwanangu! Kuna watu wakiachiwa jua wataliwekea kitasa. Kesho yake madobi wote tukaja na bisibisi, wewe ukapokea skrubu kwenye gauni lako, tukalibandua lango kwenye bawaba zake, tukalipeleka uani, tukaanikia mashuka. Bawabu alipotaka kulishika ulimuuma mkono. Ndiyo siku uliyopata jina Kibiriti, na mimi nikawa Mama Lango. Baba yako alikufa akiwa roshani, anatazama mawingu badala ya ukuta. Hospitali walipojenga upya nililiomba lango lao, wakanipa kwa kunidharau. Lipo hapa uani. Leo limebeba mashuka ya kaka yako.

Sasa nisikilize. Mama wa yule mwenzako wa jikoni ameniambia kila mfanyakazi anaruhusiwa kumwalika ndugu mmoja asafiri naye. Yeye ameshasafiri, na amerudi anatembea kama bata kwa kujisikia. Mwaliko wangu uko wapi?

Siku ulipoletwa kwangu na kifurushi chako kwapani sikukuambia karibu. Karibu ni ya mgeni. Nilikuambia pita. Lakini huko melini nataka uniambie karibu, hata mara moja tu, niisikie inavyotoka kwa mtu aliyevaa glavu.

Shangazi yako,
Mama Lango


Melini, 21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mwaliko upo, ni kweli. Sikukuficha, nilisahau tu.

Ila fikiria vizuri. Bahari huku ina mawimbi ya kuchanganya tumbo. Vyumba vya waalikwa viko chini, havina dirisha. Vina pazia, lakini ukilifunua unakutana na ukuta. Na mimi nitakuwa kazini mchana kutwa, hatutaonana isipokuwa jioni. Wageni wenyewe wana maringo, utagombana na watu kabla meli haijaondoka.

Ngoja mkataba uishe. Nitarudi, tutapanda basi twende popote unapotaka.

Mwanao,
Kibiriti


Nyumbani, 6 Aprili

Wewe mtoto,

Nimetapika kwenye lori, kwenye pikipiki na kwenye harusi ya kaka yako. Nitatapika na baharini, nitaishi.

Pazia juu ya ukuta! Umeniandikia hilo unitishe, kumbe umenizidishia hamu. Nataka nimwone kwa macho yangu mtu aliyekaa ofisini na kalamu akafikiri: hawa wa chini tusiwape dirisha, tuwape kitambaa cha kufunika pale ambapo dirisha lingekuwa. Akalipwa mshahara kwa wazo hilo.

Au unanionea aibu? Hilo usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kutuma mwaliko.

Shangazi yako


Melini, 19 Aprili

Kaka Kinyozi,

Habari za kazi. Wewe mama yako alikuzaa, mimi alinilea tu, kwa hiyo mzigo huu ni wako zaidi: mzuie asije. Mwaliko nimeutuma. Ningekataa angejua kuna kitu. Tafuta sababu yoyote. Ugua. Ungua. Funga duka la kunyoa.

Nikuambie ukweli ambao yeye hajaambiwa. Sikumwandikia uongo hata neno moja, na hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Nasimama mlangoni, ndiyo. Nasema karibu, ndiyo. Ila mlango wenyewe ni wa kuzuia watu.

Huku juu kuna sehemu inaitwa Bustani ya Juu. Sisi wafanyakazi tunaiita Peponi. Ina bwawa lake, mkahawa wake, lifti yake ya ufunguo, na upepo wa mbele ya meli, ule ambao haujapita kwenye jasho la mtu. Wanaingia wenye bangili ya rangi ya fedha. Wengine wote, na ndio wengi, wanabanana sitaha ya kati, wanawahi viti alfajiri kwa kutandika taulo, wanapigana vikumbo na watoto wao. Wakipanda ngazi kutafuta nafasi wanafika kwenye mlango wa kioo cha ukungu, cha ukungu ili walio ndani wasilazimike kuwaona. Mbele ya kioo nipo mimi.

Neno hapana tumekatazwa. Walitufundisha mbele ya kioo cha kujitazama, siku nyingi, kama watoto wa shule ya vidudu. Mtu asiye na bangili haambiwi hapana. Unatabasamu, unafungua kiganja, usinyooshe kidole maana kidole kinatukana, unakielekeza kwenye ngazi alikotoka, unasema: karibu upande ule. Wenzangu inawashinda, wengine wanasema samahani, wengine sauti inatetemeka. Mimi naiweza. Watu nikiwafukuza wananishukuru, kaka. Wanasema asante binti, wanashuka ngazi, wakifika katikati ndipo wanaelewa wamefanywa nini. Naona mgongo unavyobadilika.

Juzi msimamizi amenisifu mbele ya wote. Anasema mlango wangu haujawahi kuleta malalamiko. Wanataka kuniongezea mkataba, na msimamizi atakuwa akinipima safari hii inayokuja, safari ya Shangazi.

Nilimuuma bawabu mkono nikiwa mtoto. Sasa bawabu ni mimi, na hakuna wa kuniuma.

Mzuie.

Mdogo wako,
Kibiriti


Nyumbani, 5 Mei

Mdogo wangu,

Umechelewa. Barua yako imeingia leo, mama ameondoka jana. Amevaa viatu vipya vinavyombana, na amebeba mkoba wenye kila kitu isipokuwa vile ninavyoona vina maana. Alipita kwa fundi viatu kumuaga, akapita kwa jirani wa kushoto kumuaga, akasahau kuniaga mimi.

Barua yako niliisoma mteja akiwa kwenye kiti. Nimemwacha na nusu ya ndevu mpaka akakohoa.

Mimi sikuhukumu. Hapa kwangu nawanyoa na watu ambao ningependa kuwakata masikio, na nawaambia umependeza. Kazi ni kazi. Lakini usiniombe nikuonee huruma kabla ya kumwonea yeye. Yule mama amejenga jina lake lote juu ya lile lango. Akikukuta umesimama mbele ya lingine, na hujamwambia, itakuwa umelirudisha kwenye bawaba zake na yeye anaangalia.

Una safari nzima. Mkalishe chini umwambie kabla hajapanda ngazi. Atakutukana, atakuchoka, atalala, ataamka. Mwambie, Kibiriti.

Kaka yako,
Kinyozi


Nyumbani, 3 Juni

Mdogo wangu,

Nakushukuru sana, na nisamehe kwa barua yangu ya mwisho, nilikuwa mkali bure.

Mama amerudi. Mtaani hakukaliki. Kila jioni kuna viti nje, na yeye katikati. Eti ulimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Eti ulisema, karibu Shangazi, kwa sauti hadi matajiri wakageuka, ukamshika mkono ukamwingiza Bustani ya Juu, akalala kwenye kiti kirefu, upepo ukampiga usoni, akaletewa chai kwenye sinia. Fundi viatu alilia. Jirani wa kushoto ameuliza kama meli inachukua na wazee wenye kisukari.

Kwa hiyo ulimwambia, na akakuelewa, na juu ya hayo ukamfungulia! Sikutegemea. Nimewaambia wateja wangu wote, huyo ni mdogo wangu.

Kitu kimoja tu. Akimaliza kusimulia anaingia ndani kunawa mikono, ananawa sana, kama aliyeshika samaki. Labda uchovu wa safari.

Kaka yako,
Kinyozi


Melini, 18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kaka ameniandikia unayowasimulia watu. Nimesoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za chuma za chini, na hapa hapa ndipo ninapokuandikia.

Usinifanyie hivyo. Nitukane. Ungenitukana siku ile mbele ya msimamizi ningekuwa mtu leo.

Jioni ya kwanza nilikuja chumbani kwako nimepanga maneno yote. Ukafunua lile pazia, ukaona ukuta, ukacheka mpaka yule mpishi mstaafu uliyelala naye chumba kimoja akaanza kucheka bila kujua kicheko ni cha nini. Nikasema nisikuharibie. Jioni ya pili ulikuwa umechoka. Kila jioni nilipata sababu. Nikakuambia tu usinitafute kazini, nikijua kwamba wewe ukiambiwa usiende, miguu inawasha.

Na ukaja. Nilikuona tangu ngazi ya chini, na gauni lako la bluu. Msimamizi yuko pembeni yangu na kalamu yake. Nyuma yako wanakuja wanaume wawili wenye bangili. Ulikuwa umeukumbatia mkoba wako kifuani kwa mikono yote miwili, kama uko kwenye basi lenye wezi. Umesimama. Umenitazama usoni, halafu glavu, halafu mlango. Nimeona umeelewa, palepale, yote.

Mimi nilitabasamu, Shangazi. Sikuamua. Uso ulifanya wenyewe. Nikafungua kiganja nikasema: karibu upande ule, mama.

Mama. Wewe sijawahi kukuita mama. Nimekuita Shangazi tangu nianze kusema. Nilikuita mama kama ninavyowaita wote nisiowajua, ili msimamizi asidhani ninakujua.

Ukasema, asante, binti. Ukageuka. Nilikuangalia mgongo wako mpaka chini nikiusubiri ubadilike, na haukubadilika, ulishuka umenyooka. Hiyo ndiyo imeninyima usingizi. Msimamizi akaandika kitu akaniambia, safi.

Kesho yake nilikuja, tukakaa kitandani tukazungumza habari za mapazia. Uliniuliza kitambaa kile ni pamba au nailoni. Tulizungumza pamba na nailoni mpaka kengele ya kazi ikalia.

Na sasa unawaambia watu nilikuingiza. Unanifunika na shuka lako mwenyewe. Wewe ambaye hukuwahi kusema uongo hata wa kumwambia mgeni chakula kipo. Nimekufanya mwongo uzeeni. Waambie ukweli. Waambie mtoto wako ni bawabu, na alikufukuza kwa neno karibu.

Kibiriti


Nyumbani, 4 Julai

Mwanangu,

Umemaliza kulia? Haya, kaa vizuri, maana na mimi nina la kwangu, na nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Nimefunika, ndiyo. Ila sikukufunika wewe. Nimejifunika mimi.

Umeandika kwamba niliukumbatia mkoba. Uliona vizuri. Hukujiuliza kwa nini.

Siku moja kabla sijaja mlangoni kwako, nje ya ukumbi wa michezo, mama mmoja wa huko juu alikwama kwenye ujia, gauni limeachia mshono mgongoni, anajibanza ukutani asionekane. Nikamfunga kwa pini zangu, unajua natembea nazo. Tukacheka. Akaniambia nimemwokoa. Akafungua pochi akatoa bangili ya rangi ya fedha, ile ya ziada wanayopewa ya kumwalikia mtu, akanivalisha mwenyewe. Akasema, kesho njoo Bustani ya Juu tunywe chai.

Kibiriti, niliipenda. Nisikudanganye. Mimi Mama Lango, mwenye bisibisi, niliyewahubiria watu wazima na watoto wao kuhusu hewa ya Mungu, nililala na bangili ile mkononi nisije nikaipoteza. Asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikafanya mazoezi ya kutembea. Nikaupandisha mkono wa gauni kidogo, bangili ionekane bila kuonekana kwamba nimeupandisha. Nimewatukana watu wa aina hiyo tangu nipate akili, sikujua kumbe naijua mikogo yao yote kwa moyo.

Kuna baya zaidi. Yule mpishi mstaafu, mwenzangu wa chumba. Mama mpole, miguu imemvimba, na mle ndani hamna hewa kabisa. Akaniona najipamba akaniuliza, bibi, huko unakokwenda hakuna nafasi ya wawili, nami nivute upepo kidogo? Nikamwambia nini? Nikamwambia, bangili ni moja, bibi, wewe pumzika huku, huku nako kuzuri. Nikatabasamu. Na mkono nikaufungua hivi, nikamwonyesha kitanda chake.

Akasema asante.

Basi nikapanda ngazi zako na viatu vyangu vinavyobana, nimebeba kifua mbele. Nikafika juu nikakuona wewe. Ni kweli nilielewa yote palepale, lakini sikuelewa mambo yako kwanza. Nilielewa kwamba nikikuonyesha mkono wangu utanifungulia, nitapita, na utajua kwamba Shangazi yako alikuwa anapita. Bawabu ni wewe, sawa, wewe unatafuta riziki. Mimi natafuta nini? Nilikuja na bangili kwa hiari yangu, nimemfungia mwenzangu nje.

Nikauvuta mkoba nikaifunika. Nikaomba usiniambie nionyeshe mkono. Na wewe ukasema, karibu upande ule, mama, na mimi nikapumua. Asante ile ilikuwa ya kweli, mwanangu. Mgongo wangu haukubadilika kwa sababu uliniokoa.

Niliporudi chumbani yule mpishi akaniuliza, vipi, kuzuri? Nikasema kuzuri sana. Uongo ulianzia hapo, haukuanzia mtaani. Mtaani niliukuza tu, nikakupamba na wewe humo ndani.

Bangili ninayo. Nimeifunga kwenye lango uani, kwenye nondo ya juu, ninapoanikia. Kila nikinyoosha shuka inanigusa.

Wewe usijiue kwa ajili yangu. Lakini na kazi hiyo sikuambii uendelee, wala sikuambii uache. Mdomo wa kukuambia hivyo nilikuwa nao zamani.

Shangazi yako


Melini, 27 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nilitaka kukukasirikia nikashindwa, nikataka kucheka nikashindwa. Kumbe siku ile tulisimama pale, sote wawili tumejificha, na katikati yetu mlango umepumzika tu, kazi yake tunaifanya sisi.

Nikuambie yaliyotokea, ila nakuomba usiyakuze.

Juzi alipanda mzee mmoja na mjukuu wake, taulo begani. Sitaha ya kati imejaa. Akaniuliza kwa adabu kama wanaweza kukaa huku. Kiganja changu kikaanza kufunguka chenyewe. Nikakifunga. Nikasema, hapana.

Neno lenyewe lilitoka na kikohozi, sikuwa nimelitumia siku nyingi. Mzee akadhani hajasikia. Nikarudia: hapana, mzee. Huku wanaingia waliolipa zaidi. Hakuna sababu nyingine.

Unajua alifanya nini? Hakukasirika na mimi. Aliutazama mlango. Ndiyo mara ya kwanza naona mtu anautazama mlango. Siku zote wananitazama mimi. Akasema kwa sauti, kumbe ni hilo tu. Mjukuu wake akauliza waliolipa zaidi wanafanya nini humo ndani, mzee akajibu, wanakaa, kama sisi. Wakashuka.

Malalamiko hayakutoka kwa mzee. Yalitoka ndani. Mama mmoja alisikia kupitia kioo, akasema amejisikia vibaya kusemwa hivyo akiwa likizoni. Msimamizi akaniita. Mkataba hawaniongezei. Siku zilizobaki wamenipeleka kwenye mashine za kufulia, chini kabisa. Nafua mashuka ya juu na ya chini, Shangazi, na yakishaloa hayatofautiani. Mikono imeanza kuwa kama yako.

Sasa usiende kuwaambia watu nimevunja lango. Sikuvunja kitu. Mlango upo palepale, hakuna bawaba iliyolegea. Amesimama msichana mwingine, na tabasamu lake ni zuri kuliko langu. Mzee na mjukuu wake hawakuingia. Nilimwambia ukweli tu, tena nilikuwa nimechelewa, baada ya mamia ya watu kunishukuru.

Narudi mwezi ujao. Sijui nitapitaje mtaani. Niambie kama nije usiku.

Mwanao,
Kibiriti


Nyumbani, 11 Agosti

Mwanangu,

Utakuja mchana kweupe.

Jumamosi niliwaambia watoe viti nje kama kawaida. Wakadhani ni hadithi ya sinia tena. Nikawaambia yote: bangili, kioo, mpishi na miguu yake. Nikawaambia sikuingia, na sikukatazwa kuingia, nilijificha. Fundi viatu akasema nimrudishie machozi yake. Jirani wa kushoto amenyamaza mara ya pili maishani mwake, halafu akauliza, na bangili yenyewe ni fedha kweli au plastiki? Nikamwambia plastiki. Akasema, na wewe uliuza roho kwa plastiki! Wakacheka, Kibiriti. Kaka yako alicheka mpaka akaingia ndani kujificha. Mimi nilikaa palepale. Hakuna aliyenionea huruma, na nilijua sistahili.

Watoto wa mtaa hawaniiti tena Mama Lango. Wananiita Mama Bangili. Naitika.

Yule mpishi nimepata anwani yake kwa mama wa mwenzako wa jikoni. Nimemwandikia. Hajajibu, na sijui kama atajibu.

Wewe nimekutandikia kitanda chako kile cha dirishani. Kifurushi chako weka kwapani kama siku ile ulipoletwa, usimpe mtu akubebee. Ukifika usibishe hodi, wala usisimame mlangoni ukisubiri nikuambie neno. Sina la kukuambia ambalo hatujaliharibu sote wawili.

Pita.

Shangazi yako,
Mama Bangili